Bureti

Bureti yangu ya kwanza ilikuwa ya chaki.
Mwalimu Ndahani, wa hisabati
(wa kemia tulikuwa tunamsubiri tangu kidato cha kwanza),
aliichora ubaoni, akaitia mistari, sifuri hadi hamsini,
akasema: hapa ndipo inapopita tindikali.
Tukaitika, ndiyo.
Upepo wa Ntyuka ukaingia dirishani, dirisha lisilo na dirisha,
ukaifuta kuanzia chini.
Nilipata B.

Ya pili ilikuwa ya kioo.
Kutoka kwetu taa za chuo huonekana usiku, juu ya kilima,
na mimi nilizifikia, kwa miguu yangu na begi la kaka.
Wenzangu waliishika ile bureti kama kijiko cha nyumbani kwao.
Mimi niliishika kama mtoto wa watu.
Ikaanguka.
Ilivunjika kwa sauti ndogo, ya adabu,
na kwa kalamu nyekundu wakaandika mbele ya jina langu
elfu arobaini na tano.

Mama anagonga kokoto.
Ndoo moja mia tano, mnunuzi akiwa na moyo.
Nilikuwa bado nimeinama naokota vipande
nilipopata jibu: ndoo tisini.
Hesabu tulifundishwa vizuri.

Ndipo ikaja fomu ya mpango,
wa kusaidia sisi tuliotoka huko.
Swali la nne: Je, wewe ni wa kwanza katika familia yenu kufika chuo kikuu?
Kisanduku cha ndiyo. Kisanduku cha hapana.
Nilijisikia kama mtoto wa kliniki
aliyening'inizwa kwenye mzani, miguu hewani, watu wanasoma kilo.
Kedmoni Chipanha alikunja yake ikawa kipepeo cha joto.
"Mimi si yatima wa elimu," alisema.
Yangu ililala siku tatu chini ya godoro.
Siku ya nne nikaweka vema kwenye ndiyo
kisha, pembeni, pasipoulizwa, nikaandika:
wa kwanza alikuwa kaka Mbijima.
Barua yake ilifika. Nauli haikufika.

Jumamosi, saa mbili, vumbi halijaamka,
Bi Sechelela akafungua maabara.
Nilitarajia hotuba. Alitoa sanduku.
Ndani, bureti zilizobenduka midomo, zenye nyufa, vilema watupu.
"Hizi zimeshavunjika," alisema. "Zoezeni mikono."
Tindikali hakutupa.
Kwenye chupa akamimina rozela, ile ya kunywa, nyekundu kama kanga mpya;
kwenye bureti, maji ya magadi.
Magadi!
Yale ya mlenda, yale ya mfuko wa nailoni juu ya kabati letu,
ambayo mama hupima kwa ncha za vidole
na hajawahi kukosea.

Tone.
Tone.
Nyekundu ikasitasita, ikawa zambarau,
nikafunga koki, nikafungua nywele moja tu,
tone,
na chupa nzima ikageuka,
kama mtu aliyeitwa kwa jina lake njiani.
Sikupiga kelele. Nilisoma mstari: kumi na nane nukta nne.
Mistari ile ile ya chaki. Ilikuwa kweli, basi.

Deni halikufutwa. Mfuko wa mpango ulilipa nusu;
nusu naiosha, kila Ijumaa, vyombo vya maabara,
na sasa vioo vinanijua.

Jumamosi ya tano Kedmoni alisimama mlangoni.
Alisema anatafuta chaja yake.
Bi Sechelela hakugeuza shingo.
Alitazama meza, akatazama dari,
akaitafuta ile chaja mpaka kwenye sinki.
Nikasogeza stendi upande wake.
"Shika hapa," nikamwambia. "Usiogope,
imeshavunjika."